Watu wa Nyumba Hii

Kazi ya kutengeneza lifti ina dharau yake: watu hukukumbuka wakikwama tu. Miezi na miezi utapita na begi lako la spana, hakuna atakayekuuliza umeamkaje. Siku lifti ikisimama kati ya ghorofa ya pili na ya tatu, ghafla unakuwa ndugu, unakuwa mzee, unakuwa "Fundi wetu". Ukishawatoa wanajikung'uta nguo, wanatazama saa, wanakwenda zao. Fundi tunayemzungumzia hapa alikuwa ameshaizoea dharau hiyo. Kilichomshinda ni jioni.

Jioni alirudi kwenye chumba chake ghorofa ya saba, kwa ngazi. Ndiyo, kwa ngazi. Jengo alilopanga lilikuwa na shimo la lifti lakini halikuwa na lifti. Mwenye nyumba aliiuza mota zamani, na kibanda chenyewe kilikaa chini kabisa, mlinzi akihifadhia mafagio. Mganga hajigangi. Majirani wangecheka sana kama wangejua anafanya kazi gani, ila hawakujua. Alikaa nao miaka mitatu, na walichojua juu yake ni kikohozi chake anapopanda.

Mkewe alifariki miaka mitano iliyopita, na hawakujaliwa mtoto. Wakwe walikuja msibani, wakalia naye siku tatu, wakakunja mikeka yao wakaondoka nayo, na tangu hapo kimya. Yeye mwenyewe alizaliwa peke yake, wazazi wakatangulia mapema. Kwa hiyo hakuwa na mtu. Nasema hivyo wazi kwa sababu yeye mwenyewe hakulisema kwa mtu yeyote, wala hapakuwa na mtu wa kumwambia. Siku moja alisikia birika linafoka jikoni, akajikuta anaitikia, "Karibu!" Akaogopa. Usiku ule alilala taa inawaka.

Basi kisa chetu kinaanza na lifti ya zahanati moja yenye ghorofa nne. Asubuhi alipigiwa simu kwamba imesimama katikati na ndani kuna bibi. Alipofika alibisha mlango wa ghorofa ya pili.

"Shikamoo, Mama. Mimi ni fundi. Usiogope."

"Marahaba. Nani kakwambia naogopa?" sauti ilijibu. "Nina magoti mabovu, sina moyo mbovu. Humu ndani kuna kiti?"

"Hakuna, Mama."

"Basi fanya haraka, maana nimeshakaa chini na sijui nani ataniinua."

Fundi alikata umeme, akapanda hadi chumba cha mashine juu ya paa, akalegeza breki na kuanza kulizungusha gurudumu kwa mkono, kidogo kidogo, ili kibanda kishuke hadi usawa wa mlango. Ni kazi ya jasho na ukimya. Siku hiyo lakini haikuwa ya ukimya, kwa sababu yule bibi kule chini alianza kuimba. Aliimba wimbo wa dini, ubeti kwa ubeti, na sauti ikapanda na kamba za chuma mpaka juu. Haikuwa sauti nzuri, tusidanganyane. Ilikwaruza, na mahali pa kupanda ilishuka. Lakini Fundi aliacha gurudumu mara mbili ili aisikie vizuri, na mtu mzima kuacha kazi kusikiliza wimbo ulioharibika, ujue ana njaa ya kitu.

Alipofungua mlango alimkuta amekaa sakafuni, mkoba mapajani, mwanamke wa miaka sabini na kitu. Alikuwa mkunga, akastaafu, na mji mzima ulimwita Mama Mkunga. Fundi alimwinua kwa taratibu.

"Ahsante, mwanangu. Jumapili huwa uko wapi?"

"Nyumbani."

"Na nani?"

Fundi alichukua bisibisi akakaza skrubu iliyokuwa imekazwa tayari. Mama Mkunga aliitazama ile skrubu, akamtazama na yeye.

"Njoo kanisani kwetu," alisema. "Ibada ya saa tatu. Ukichelewa utakaa nyuma ya nguzo."

Alichelewa, akakaa nyuma ya nguzo. Na baada ya matangazo mzee wa zamu akasema wageni wasimame. Fundi akasimama. Watu mia tatu wakageuka kumtazama, wakampigia makofi, na baada ya ibada wageni wote walipelekwa chumba cha pembeni wakapewa chai na andazi. Mama mmoja alimuuliza anaonaje hali ya hewa. Mwingine alimuuliza kama chai ina sukari ya kutosha. Hiyo ndiyo ilikuwa chai yake ya kwanza na watu baada ya miezi minne.

Jumapili ya pili, wageni walipoitwa, Fundi akasimama tena. Na ya tatu. Na ya nne. Msimcheke. Alichungulia akaona kwamba waumini wakitoka ibadani hutawanyika na familia zao, baba mbele, watoto nyuma, na dakika kumi baadaye uwanja ni mtupu. Wanaobaki na kukaa pamoja ni wageni. Sasa mtu mwenye akili angeacha ugeni wa nini?

Waswahili tumesema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kanisa lile lilikuwa na subira kuliko methali. Ilikuwa Jumapili ya tisa ndipo mzee wa zamu alipomfuata nyuma ya nguzo, akainama na kumnong'oneza, "Ndugu yangu, wewe si mgeni tena. Kaa tu." Alisema kwa tabasamu, na alikuwa na nia njema kabisa. Fundi alikaa. Siku hiyo hakunywa chai. Alishuka ngazi za kanisa katikati ya watu, kila mmoja akidhani ni wa mwenzake, akarudi ghorofa ya saba.

Angeweza kuacha. Jumapili iliyofuata alibaki kitandani hadi saa mbili na nusu akijiambia kwamba alichofuata ni maandazi, na maandazi yako dukani. Lakini kulikuwa na jambo lingine, na lilimshangaza mwenyewe. Tangu siku ya zahanati alikuwa ameanza kusali kazini. Alianza kwa aibu, juu ya kibanda cha lifti, tochi mdomoni, akisema tu, "Mungu, kamba hii ni nzima au naidanganya roho yangu?" Baadaye akawa anasema mengine. Alimweleza juu ya mkewe, jinsi alivyopenda kulala na dirisha wazi. Na mle shimoni, penye giza na harufu ya grisi, alihisi anasikilizwa. Hakuwa na ushahidi. Lakini alijua tofauti ya kuongea na birika na kuongea na mtu. Akaamka, akavaa, akaenda, akakaa nyuma ya nguzo bila kupigiwa makofi.

Mama Mkunga ndiye aliyemwingiza katika jumuiya. Kanisa lile liligawa waumini wake kwa mitaa, familia kumi kumi, na kila Jumamosi alasiri jumuiya ilikutana kwenye nyumba ya mmoja wao kwa zamu. Mwenyekiti wa jumuiya yao alikuwa karani mstaafu wa mahakama, mtu mwema, ila alipenda utaratibu kuliko chakula. Walimwita Karani hadi kanisani. Alitembea na daftari kubwa jeusi, na kabla ya sala alimsimamisha mwenyeji mlangoni pake na kuuliza kwa sauti ya mahakama, "Watu wa nyumba hii ni akina nani?" Mwenyeji alitaja mmoja mmoja, Karani akaandika, jina upande huu, uhusiano upande ule, kisha kila aliyetajwa akaombewa kwa jina.

Mara ya kwanza Fundi aliona jambo hilo zuri. Mara ya pili lilimchoma. Nyumba moja ilitaja watu kumi na tisa, akiwemo mtoto ambaye bado hajazaliwa. Nyumba nyingine binti mdogo alitaka paka aandikwe, na Karani akamwambia kwa heshima zote, "Mjukuu wangu, daftari hili ni la watu." Watu wakacheka, Fundi akacheka nao, huku anahesabu zamu kwenye vidole. Ilikuwa inakuja. Angesimama mlangoni pake, kalamu ingengoja, naye angesema nini? Alifikiria kumtaja mkewe. Alifikiria hata kutaja wakwe. Alijaribu mbele ya kioo akinyoa ndevu: "Ni mimi tu." Lilikuwa neno fupi na hakuweza kulimaliza bila kushusha macho.

Karani alimtoa kwenye shida hiyo bila kujua. Wiki mbili kabla ya zamu, mwisho wa sala, alifunga daftari na kusema, "Ndugu Fundi tutamruka. Si kwa ubaya. Nimeuliza, anakaa ghorofa ya saba na lifti hakuna."

"Fundi lifti hana lifti?" mtu mmoja alisema, na chumba kizima kikaangua kicheko.

Fundi alicheka kuliko wote. Akasema ahsante, wala msijali, nimeelewa. Akatembea hadi kwake akiwa mwepesi, akapanda ghorofa ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kwenye ya nne wepesi ule ukamwishia. Alikumbuka kwamba tangu apange pale hakuna mtu aliyewahi kuvuka kizingiti chake, hata wa kusoma mita. Kama watu wa Mungu nao watamruka, basi atakuwa amerukwa kwelikweli. Aliketi kwenye ngazi, begi la spana magotini, akalia. Hakulia sana, lakini alilia.

Jumamosi iliyofuata, kabla Karani hajafungua daftari, Fundi alisimama. Hakuwahi kusimama tangu siku zake za ugeni, na mikono aliificha mfukoni.

"Naomba zamu yangu isirukwe," alisema.

"Ndugu yangu, tunakuhurumia wewe," alisema Karani. "Na wazee. Ngazi za ghorofa saba si mchezo. Mama Mkunga ana magoti."

"Hayo magoti ni yangu," Mama Mkunga alidakia kutoka kwenye kochi, "mbona mnayajadili kama mali ya ushirika? Zamu ni zamu. Andika."

Karani akaandika.

Siku ilipofika Fundi aliamka mapema. Alifagia chumba, akafagia tena, akapiga deki mpaka nje kwenye korido. Alikuwa na vikombe viwili, cha kwake na cha marehemu mkewe, kwa hiyo alinunua kumi na viwili vipya, akavisuuza, akavipanga, akaviona vimekaa kama vya duka, akavivuruga kidogo. Kiti kilikuwa kimoja. Alitandika mkeka na shuka juu yake. Akachemsha chai sufuria nzima. Saa kumi kamili alisimama mlangoni, shati limefungwa hadi kifungo cha juu.

Saa kumi na robo hakuna mtu. Saa kumi na nusu chai ilishapoa na kuota ngozi juu. Hakutaka kuchungulia ngazini, maana asiyechungulia bado ana matumaini. Alirudi ndani, akakaa kwenye kile kiti kimoja, akavitazama vikombe. "Mungu," alisema, "niliwaomba wapande ghorofa saba kuja kuandika jina moja. Hata mimi nisingekuja." Hakukasirika. Angekasirika ingekuwa nafuu. Alisikia tu ule upweke wake wa zamani unarudi na kujilaza mahali pake pa siku zote, naye akausogelea, kwa sababu ndio aliokuwa ameuzoea.

Ndipo alipomsikia Karani, mbali sana chini, akisema, "Utaratibu ni mlangoni kwa mwenyeji! Si ngazini!"

Fundi alishuka mbio. Aliwakuta ghorofa ya nne, kwenye ile nafasi pana kati ya ngazi na ngazi, watu saba wamesimama wanahema, na Mama Mkunga ameketi kwenye ngazi ya mwisho, uso umelowa jasho, mkono mmoja umeshika chuma cha ngazi. Walikuwa wamepanda dakika arobaini. Kila ngazi kumi alipumzika, na magoti sasa yalikuwa yamegoma.

"Shikamoo, Mama," Fundi alisema. "Nitakubeba."

"Sibebwi," alisema Mama Mkunga. "Siku ya kubebwa ipo, na siyo leo. Marahaba."

"Basi wengine tupande, Mama atusubiri hapa," mtu mmoja alisema.

"Au turudi, tufanyie kwangu," alisema mwingine. "Si mbali."

Fundi aliposikia neno turudi aligeuka. Alimtazama Karani. Karani alitazama ngazi za kupanda, akatazama za kushuka, akatazama daftari, na ilikuwa dhahiri kwamba katika miaka yote ya mahakamani hakuwahi kukutana na kesi ya namna hii. Mlango mmoja ulifunguka, kichwa cha mama mmoja kikachungulia. Mlango wa pili ukafunguka. Fundi hakujua jina la hata mmoja wao.

"Samahani," aliwaambia. "Ni wageni wangu."

Neno hilo alilisema bila kulifikiria, na lilikuwa tamu mdomoni. Yule mama alimtazama Mama Mkunga pale chini, akarudi ndani, akatoka na kigoda. Jirani mwingine akaleta kiti. Mama Mkunga alinyanyuliwa, akakalishwa kitini, akapangusa uso kwa kitambaa.

"Karani," alisema. "Anayezipanda ngazi hizi kila siku ni nani?"

"Ni yeye."

"Basi hapa ni kwake. Fungua daftari."

Karani alivaa miwani. Alipofungua daftari, ukurasa mpya, mweupe, watu waliinamisha vichwa, na hata majirani wakasimama wima milangoni mwao. Fundi alijua kilichofuata. Aliliandaa lile neno kwa wiki kadhaa.

"Watu wa nyumba hii," Karani aliuliza, kwa upole kuliko kawaida yake, "ni akina nani?"

"Ni mimi," alisema Fundi.

Kalamu ikaandika. Kisha ikasimama hewani, inangoja.

"Na?"

"Na hakuna." Hakushusha macho, lakini yalijaa. "Ni mimi tu, Karani. Nilikuwa na mke. Alifariki. Sina mwingine."

Chini kabisa mlinzi alisikika akiburuta ufagio. Karani aliishika kalamu, asijue afunge mstari au aache wazi, na Fundi akaona huruma kwenye nyuso zao zote. Huruma ni kitu kizuri, lakini mtu hawezi kulala ndani yake.

"Niandike mimi," alisema Mama Mkunga.

Karani aligeuka. "Mama, wewe umeandikwa kwako. Ukurasa wa pili. Na wanao, na wajukuu."

"Najua nilipoandikwa. Niandike na hapa."

"Mtu haandikwi nyumba mbili. Tukianza hivyo daftari zima litavurugika."

"Wewe mwanao mkubwa anakaa wapi?"

"Anakaa kwake, na mkewe."

"Kwa hiyo kwake wewe si mtu wa nyumba?"

Karani alirudisha macho kwenye daftari. Mama Mkunga aliegemea kiti, akashika magoti yake kwa mikono miwili.

"Nimepokea watoto wa watu maisha yangu yote," alisema, "wengine kwa tochi, wengine kwenye mvua. Huyu kachelewa kidogo, amekuja na mvi. Lakini nimepanda ghorofa nne kumfuata, na siteremki mikono mitupu. Andika."

Karani aliandika. Aliandika polepole, kwa mwandiko wake wa mahakama, kisha kidole chake kikasogea upande wa pili wa ukurasa na kusimama.

"Uhusiano?" aliuliza. Hakumuuliza Mama Mkunga. Alimtazama Fundi juu ya miwani.

Jibu lilikuwa neno ambalo Fundi alikuwa amelitumia mara nyingi kwa bibi huyu, kwa adabu tu, kama kila mtu anavyofanya kwa mwanamke wa umri ule. Safari hii lilitoka kwa shida.

"Mama," alisema.

Karani akajaza, akapuliza wino, akafunga daftari kifuani. "Tuiombee nyumba hii," alisema, "yenye watu wawili."

Akaomba. Akamtaja mmoja kwa jina, akamtaja na wa pili kwa jina, hakumruka mtu. Alipomaliza wote waliinua vichwa wakamtazama mwenyeji, kwa sababu kwa utaratibu wao mwenyeji ndiye anayefunga sala. Fundi alijaribu kusema amina, haikutoka. Akajaribu tena. Wakamsubiri.